Tamburu Lisilofunguliwa

Kwanza nilimjua kwa miguu. Ukifika kwenye uwanja wake, nyuma ya nyumba za kampuni kule Shituru, ulichokiona ni miguu miwili iliyotokeza chini ya gari, viatu bila kamba, soksi moja ya kijivu na nyingine ya kahawia. Uliisalimia ile miguu, na sauti ikakujibu kutoka chini. Baba yangu, aliyekuwa karani wa kiwandani na mtu wa adabu kupita kiasi, aliivulia kofia.

Jina lake ninalijua. Sitalitaja, kwa sababu hapa Likasi lilishasemwa vibaya miaka mingi ya kutosha, na aliyesababisha lisemwe vibaya ni mimi. Tulimwita Papa Fundi. Mafundi walikuwa wengi, wa injini, wa umeme, wa kunyoosha mabati, lakini huyu alikuwa na kazi moja tu, nayo ni breki. Na katika breki alipenda zile za nyuma za magari ya zamani, zilizofungiwa ndani ya chuma cha duara mfano wa sufuria iliyofunikwa. Sisi chuma hicho tunakiita tamburu.

Gari letu lilikuwa la namna hiyo. Lilikuwa la rangi ya krimu, limenizidi umri, na baba alilinunua kwa mzungu mmoja aliyekuwa akifungasha kurudi kwao. Babu yangu alitoka Kasai kwa miguu na kwa treni kuja kuchimba shaba. Baba alikaa kwenye meza na kalamu. Kwa hiyo lile gari halikuwa la kusafiria tu. Lilikuwa ushahidi kwamba tumefika. Jumapili baba alilipangusa kwa kitambaa ambacho mama hakuruhusiwa kukigusa, na mtu akiegemea mlango alitazamwa mpaka aondoke mwenyewe.

Papa Fundi hakujali ushahidi wa mtu. Alikuwa na sheria moja, na ukitaka kugombana naye uivunje tu. Hakuna kusema ugonjwa wa gari kabla ya kulifungua. Nakumbuka mama mmoja mfanyabiashara aliyeleta gari lake likivuta kushoto kila akifunga breki. Hata hajashuka vizuri, alishaanza.

“Papa Fundi, shida nayua. Ni mafuta ya breki iliisha.”

“Weye ulifungula?”

“Hapana, lakini kuko muntu moja kule ku soko aliniambia...”

“Ule muntu alifungula?”

“Ah, Papa! Angefungula na nini? Eko anauzisha samaki.”

“Bon. Donc ni batu babili hawakufungula.”

Watu wawili wasiofungua hawakumtosha, akarudi chini ya gari jingine alilokuwa nalo, na yule mama akaketi juu ya tairi saa nzima akinung’unika. Alipolifungua lake, mafuta yalikuwa tele. Fundi mwingine alikuwa amebadilisha viatu vya breki, vile vyuma viwili vya mwezi mwandamo vinavyobana tamburu kwa ndani, akaweka cha mbele nyuma na cha nyuma mbele. Papa Fundi alicheka hadi akakohoa. Kisha akavirudisha mahali pake bila neno la kumtukana aliyekosea. Kwa mtu mkali kama yeye, jambo hilo lilinishangaza.

Namna yake ya kutafuta kosa naweza kuieleza hata leo, na ni heri nisingeweza. Kwanza alikutuma uzunguke ukuta wa kiwanda kwa gari lako na urudi. Ukirudi, aliinama akasogeza mgongo wa mkono kwenye gurudumu la nyuma la kulia, halafu la kushoto. Lililo la moto kuliko mwenzake limebana, haliachii. Lililo baridi kabisa halifanyi kazi. Halafu alinusa. Kisha akainua gari juu ya magogo, akalitoa gurudumu, akaligonga tamburu kwa rungu la mti, polepole, pande zote, mpaka likubali kutoka lenyewe. Nyundo ya chuma hakuileta karibu. Vumbi la ndani hakulipuliza kwa mdomo kama wengine. Aliliosha kwa maji ya sabuni, akisema linakaa kifuani na halitoki. Alisema hivyo sigara ikiwa mdomoni.

Halafu alichungulia pale ambapo mafuta yanasukuma vile viatu viwili, ndani ya silinda ndogo inayofungwa kwa mipira. Aliinua ukingo wa mpira kwa ncha ya bisibisi. Kukiwa na unyevunyevu, hata kidogo, alitikisa kichwa. Kila kipande alichokitoa alikilaza juu ya kitenge kizee cha mkewe, cha juu juu, cha chini chini, na hakuwahi kufungua magurudumu yote mawili kwa pamoja. Moja lilibaki limefungwa wakati la pili liko wazi, ili akisahau springi fulani inaingiaje, aende akatazame upande wa pili. Wakati wa kufunga alivihesabu vipande kwa sauti. Ukimwita katikati ya hesabu alianza upya.

Mwisho kabisa ilikuja kazi ya kutoa hewa kwenye mafuta, na hapo ndipo nilipoingia mimi. Kazi hiyo inataka watu wawili, mmoja chini kwenye gurudumu na mwingine kwenye usukani. Kaka yangu mkubwa alikuwa na mguu mzito. Baba alikanyaga kwa woga. Papa Fundi alinichagua mimi, na nilikuwa msichana wa miaka kumi na tisa niliyejiona malkia kwenye kile kiti.

“Kanyaga,” alisema kutoka chini.

Nikakanyaga.

“Shika. Usiachilie. Bon. Achilia.”

Tukaenda hivyo mara kumi, mara kumi na tano, mpaka pedali ikagoma kushuka.

“Ngumu?”

“Ngumu, Papa.”

Aliniamini kwa neno hilo moja. Sidhani alimwamini mtu mwingine. Hata yeye mwenyewe hakujiamini. Ilikuwa kawaida, siku mtu akilichukua gari lake, kumwona Papa Fundi akitokea nyumbani kwa mtu huyo jioni, watu wakiwa mezani na bukari yao, ugali wa kwetu, akiomba radhi mlangoni. “Pardon, ni minye. Ile boulon ya kushoto, niliikaza?” Alilala chali uani, akaishika ile nati, akasema, “Niliikaza,” na kuondoka bila hata kunywa maji. Kwetu alikuja hivyo mara nyingi. Tulimcheka. Kaka alimwiga vizuri sana, hata ile namna ya kusimama akijipapasa mfukoni, na mimi nilicheka mpaka machozi yakatoka.

Kitu kingine tulichokicheka ni kwamba hakuwahi kupanda gari. Kuendesha hakujua na hakutaka kujua. Kwenda misa alitembea, kwenda sokoni alitembea, na mvua ya Januari ilimpiga njiani huku wateja wake wakimpita na kumpigia honi. Baba alimsihi siku moja apande tumpeleke kanisani. Alikataa kwa heshima zote. “Minye naona tu mu tumbo ya magari, Papa. Muntu mwenye kuona mu tumbo, hana hamu ya kupanda juu.” Kanisani huyohuyo aliimba sauti ya chini katika kwaya, na kwenye harusi alilia waziwazi kuliko mama wa bibi harusi.

Sasa lazima nizungumzie mafuta. Likasi ni mji wa kiwanda, na katika nyumba ambayo mtu wake yuko kiwandani hakukosekani chupa ya mafuta jikoni au chini ya kitanda. Yalitoka kiwandani ndani ya mfuko, yakatoka ndani ya kopo la chakula, na hakuna aliyeona ni wizi. Tuliyaita mafuta ya usine. Tuliyatia kwenye bawaba za mlango, kwenye mnyororo wa baiskeli, kwenye cherehani. Bibi yangu aliyapaka kwenye goti. Kwetu yalikaa ndani ya chupa ya limonadi nyuma ya jiko, rangi yake ya asali, na kwa macho tu usingeyatofautisha na mafuta ya breki.

Papa Fundi aliyaogopa kama sumu. Nilimsikia kwa masikio yangu mawili, zaidi ya mara moja, akimfokea mtu. “Ile mafuta inavimbisha mupira! Mupira ya breki inakunywa, inanenepa, kisha inakwama. Roue, ile gurudumu, inabaki ya kufungwa, inaungua. Ikiisha kuungua, mupira inapasuka, na pedali inaanguka mpaka chini. Kule chini hakuna kintu. Munasikia?” Tulisikia. Mimi nilisikia.

Jumamosi moja alitufungia breki za nyuma, mipira mipya pande zote mbili. Nilikanyaga. Ilikuwa ngumu. Alipoondoka alituachia kichupa kidogo cha mafuta halisi ya breki, akaniambia mimi, si baba wala kaka, kwamba baada ya siku chache nifungue kifuniko cha kopo la mafuta ya breki pale mbele nione kama yameshuka, na yakishuka niongeze kidogo. Alinipa mimi kwa sababu aliniamini, nami nilijivuna.

Baada ya siku nne nilifungua. Yalikuwa yameshuka kidogo, jambo la kawaida tu. Nilikiweka kile kichupa juu ya bati la mbele la gari nikiwa napambana na kifuniko, kiwiko changu kikakigusa, kikaanguka. Mafuta yote yakamwagika juu ya rangi ya krimu ya baba yangu.

Mafuta ya breki hula rangi. Hilo nalo nilikuwa nimefundishwa. Nilikimbia kuleta maji na sabuni, nikafuta, nikasugua, na nikadhani nimewahi. Nilimwogopa baba. Huo ndio ukweli wote, hauna kina zaidi ya hapo: mtu mzima wa miaka kumi na tisa aliogopa kugombezwa kwa ajili ya doa. Kesho yake kaka aliniuliza kama nimeongeza mafuta, kwani Jumapili alikuwa aende Mwadingusha kwa mama mdogo kuchukua samaki. Nikamwambia naongeza sasa hivi. Nikaenda nyuma ya jiko, nikaichukua chupa ya limonadi.

Nilijiambia ni kidogo. Nilijiambia nitamwomba Papa Fundi kichupa kingine wiki ijayo na kila kitu kitakuwa sawa. Nilimimina mpaka kwenye alama, nikafunga, nikajifuta mikono.

Kaka hakwenda Jumapili ile, wala ile iliyofuata, maana mvua iliharibu njia. Siku hizo zote alizunguka mjini na gari, na mipira ikawa inakunywa. Baba aliliona doa, rangi imevimba na kupasuka upana wa kiganja. Alisikitika kwa sauti ya chini. “Papa Fundi amezeeka,” alisema. “Amenimwagia mafuta.” Nilikuwa nimeshika sahani. Niliiweka mezani, nikatoka nje.

Jumapili ya tatu kaka alikwenda. Mtu wa baiskeli aliyekuwa kwenye mteremko wa njia ya Mwadingusha alitueleza baadaye kwamba gari lilimpita likinuka kuungua kwa nyuma, na kwamba dereva alikuwa akipiga honi, akipiga, akipiga, mpaka honi ikanyamaza kule chini. Alisimama sebuleni kwetu akieleza hivyo, kofia mkononi. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni mwa jikoni, na aliposema harufu ya kuungua, nilielewa kila kitu. Hakuna mtu mwingine chumbani aliyeelewa.

Papa Fundi alikuja matangani siku ya pili. Watu walikuwa wamekwisha kusema kwamba breki zake ndizo zilizoua, maana Likasi haingojei. Alisimama nje ya lango amevaa suruali yake ya kwaya, na baba akatoka kumkabili. Nilisimama nyuma ya baba, karibu kiasi cha kumshika bega.

“Papa, nakuomba pole,” alisema Papa Fundi. “Nakuomba na kintu moja. Acha niende kule gari iko. Nifungule roue ya nyuma. Nione tu.”

“Ulishaifungula,” baba alijibu. “Njo maana mutoto wangu eko analala mule ndani.”

“Nione tu, Papa. Nikiona kosa yangu, nitaisema mbele ya batu bote.”

“Ulimwanga hata mafuta ku rangi. Haukujiona! Mikono yako ilishakufa, na hukutuambia.”

Papa Fundi aliinua mikono yake akaitazama, ya kulia na ya kushoto. Hakukana. Angeweza kusema kwamba hakumwaga tone. Lakini yeye hakuwa mtu wa kusema kitu ambacho hajakichungulia, na lile doa hakuwahi kuliona. Akageuka akaenda zake. Mimi nilikuwa na ulimi kinywani, mzima, na sikuutumia.

Baba hakuruhusu mtu yeyote aliguse lile gari. Lilikaa wiki mbili kule lilikoangukia, na Papa Fundi alitembea kwenda huko, mwendo wa siku nzima, kuomba. Shemeji za baba waliokuwa wakililinda walimfukuza kwa mawe. Halafu wanunuzi wa vyuma chakavu walikuja, wakalikata vipande, na likaenda kuyeyushwa pamoja na yaliyomo ndani ya magurudumu ya nyuma.

Kuanzia hapo, uwanja wake uliota majani. Si kwamba wateja wote walimkimbia. Wachache walikwenda, akawakataa yeye mwenyewe. Alianza kutengeneza baiskeli, na hata huko aliziba pancha tu. Ukimpelekea baiskeli ya breki mbovu, alikuelekeza kwa fundi mwingine barabara ya pili. Kwaya aliiacha. Niliwahi kumwona miaka hiyo amesimama karibu na gari lililoegeshwa mbele ya posta, gari la mtu asiyemjua, ameinama na kusogeza mgongo wa mkono kwenye gurudumu la nyuma. Mwenye gari alitoka akamwuliza anataka nini. Aliomba radhi, akaondoka haraka. Nilivuka upande wa pili wa barabara ili asinione.

Utaniuliza kwa nini sikusema. Nilijiambia nitasema baada ya arobaini. Halafu mama akaugua, nikasema si wakati. Halafu niliolewa, nikapata kazi ofisini, nikawa mtu wa kuheshimika, na kila mwaka uliopita uliifanya siri ile kuwa nzito zaidi, mpaka nikaona heri nisubiri baba afe bila kujua. Niliyaita hayo huruma. Ulikuwa woga uleule wa doa la rangi, umeota mvi tu. Mtu mmoja alikuwa akioza taratibu mitaa minne kutoka kwangu kwa kosa langu, na mimi nilikuwa naenda kazini, narudi, napika.

Baba alifariki mwaka jana. Mwaka huu, baada ya mvua kwisha, nilikwenda Shituru asubuhi moja ya Jumamosi. Binti yake, mwalimu wa shule ya msingi, ndiye anayemtunza, mkewe alishatangulia. Alinifungulia mlango bila kunitambua, akaniongoza hadi chumba cha mbele. Papa Fundi alikuwa amekaa kitandani, mgongo ukutani, blanketi magotini. Macho yamefunikwa na ukungu. Mikono yake ilikuwa ikitembea juu ya blanketi, inachukua kitu kisichoonekana, inakiweka upande, inachukua kingine.

“Anahesabu,” binti alininong’oneza. “Kila siku. Ile breki ya mwisho alifungaka. Anafikaka ku resori, ile springi ya mwisho, kisha anaanza tena. Anasema kuko moja alisahau, lakini haioni.”

Nilikaa kwenye kiti karibu naye. Nikasema, “Papa Fundi, jambo.”

Mikono ikasimama. “Ile sauti nayua. Weye ni mutoto wa ile gari ya crème. Weye njo ulikuwaka unakanyaga.”

“Ni minye, Papa. Nimekuya kukuambia kintu.”

“Sema, mama.”

Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu miaka ishirini. Yalitoka ovyo. “Ile mafuta ya breki ulituachiaka, ni minye niliimwanga. Ku rangi. Haikuwa weye. Niliogopa baba. Kisha nikaongeza mafuta ya usine, ile ya mu chupa. Ulitukatazaka, na minye niliiweka. Njo ile iliua yaya yangu, kaka yangu mukubwa, Papa. Mikono yako haikufanya kintu.”

 Binti yake alikuwa amesimama mlangoni, mkono mdomoni. Halafu mkono wa Papa Fundi ukapapasa blanketi, ukaupata mkono wangu, ukaushika.

“Nani alikutuma? Ni abbé, ule padri?”

“Hakuna muntu alinituma.”

“Abbé alifikaka hapa, alisema ni njia mubaya. Muke wangu, hata siku ya kufa, aliniambia yaya yako alikuwa amekunywa. Na ule mutoto wangu pale anasema gari ilikuwa ya kuzeeka. Kila muntu analeta yake. Munanipenda, nayua. Merci, mama.”

“Papa, ni kweli! Siongopi. Ni minye!”

“Baba yako alisema nilimwanga mafuta ku rangi. Yee alikuwa muntu wa kalamu, hakusema ovyo. Muntu mwenye kumwanga mafuta bila kujiona, anasahau na resori bila kujiona.”

“Baba hakuyua. Minye njo nilimwanga.”

Safari hii niliona kwamba anafikiri kama fundi. Uso wake ulibadilika. Kwa muda mfupi sana nilimwona yule wa zamani, na nikapata tumaini, nikaegemea mbele.

“Mafuta ya usine inavimbisha mupira,” alisema polepole. “Ile ni kweli. Roue inaungua, kisha pedali inaanguka. Inafanana. Alors, weye uliona mupira? Ilikuwa ya kuvimba?”

“Hapana, Papa. Sikuiona.”

“Kuko muntu alifungula?”

Nilitamani kudanganya. Niliufungua mdomo nidanganye, niseme nilikwenda, nililitoa tamburu kwa mikono yangu, nikaiona mipira imenenepa kama midomo iliyopigwa. Lakini yeye alinijua. Nilijibu, “Hakuna muntu alifungula.”

Akanipigapiga mkono kwa upole, kama anavyotulizwa mtoto.

“Bon,” alisema. “Donc ni batu babili hawakufungula.”

Kisha akauachia mkono wangu, na mikono yake ikarudi kwenye blanketi. Kiatu cha mbele. Kiatu cha nyuma. Springi ya juu. Springi ya chini. Nililia bila kujificha, na binti yake akalia mlangoni, na yeye hakusikia au alisikia akaendelea. Alipofika kwenye ya mwisho, vidole vilibaki hewani, vinatafuta. Havikupata kitu. Akaanza upya. Safari hii akaifunga breki bila kuipata springi ile, kwa uchovu nadhani, akainamisha kichwa upande wa ukuta, ambako lingekuwa gurudumu.

“Kanyaga,” alisema.

Sikuelewa mara moja. Halafu nilivua kiatu, nikaweka mguu kwenye saruji baridi ya chumba chake, nikabonyeza kwa nguvu zangu zote.

“Shika. Usiachilie. Bon. Achilia.”

Niliachilia.

“Ngumu?”

“Ngumu, Papa.”

Alisikiliza, kichwa bado upande. “Na siku ile ulisemaka vile,” alisema.

“Ilikuwa ngumu na siku ile, Papa. Nakuapia.”

 Alikuwa amenyoosha mkono kwenye ukuta, mgongo wa mkono umeelekea saruji, akipima joto.

“Kanyaga tena,” alisema, nami nikakanyaga.